Ngazi tano mbele ya biro
Juma hili hapa Kaniama nilimsindikiza mama mmoja aliyekimbia kwao Kasai. Anatembea kwa magongo. Biro ya serikali tulikotumwa ina ngazi tano. Mama alizipanda kwa makalio, mimi nimeshika mikrofoni tu. Niliona haya. Karani akasema: "Rudi kesho." Hiyo ni kesho ya tatu.

Katiba yetu, kifungu cha 49, inawapa watu wenye ulemavu haki ya kulindwa, na sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inaeleza namna gani. Nilimuuliza karani kama anaijua. Akacheka, akaniuliza redio yangu ni ya nani. Kesho tunarudi, na mikrofoni itakuwa imewashwa: nani ataondoa hizo ngazi, na lini?