Dinamo na Mwendo wa Polepole
Sisi walimu wa Kiswahili hatuchoki kufundisha kwamba haraka haraka haina baraka. Dinamo ya baiskeli haiitambui methali hii. Tumtazame mpanda baiskeli aingiaye Bwiza magharibi, gunia nyuma: apunguzapo mwendo palipo na watoto, taa yake hufifia, akisimama, huzimika. Giza humkuta pale pale anapohitaji kuonekana! Sababu aliigundua Faraday mwaka 1831: sumaku ikituama karibu na waya, umeme hauzaliwi. Dawa ni betri ndogo ishikayo zamu mwendo unapolegea. Lakini umeme wa dinamo hiyo huenda na kurudi, hivyo sharti upitishwe kwanza kwenye diodi. Fundi akiiacha, betri haijai.