Nyaya za shawa na baridi ya Kiriaini

Leo naweka programu kando, tuongee kuhusu nyaya.

Tata (ndivyo tunavyomwita shangazi huku) ana ploti ya kupangisha hapa Kiriaini, na wapangaji wamechoka kuoga maji baridi. Ukiijua Julai ya huku huwezi kuwalaumu. Fundi akaja na waya wa 2.5 mm², ule wa soketi, apitishe laini za shawa tatu ndani ya paipu moja juu ya dari. Nilipotaja joto alicheka: "Injinia, hapa ni baridi, joto litoke wapi?"

Linatoka ndani ya waya wenyewe. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 240 hula ampea 23 hivi. Waya wa 2.5 ndani ya paipu ukutani hubeba 24, hewa ikiwa nyuzi 30. Hapo fundi yuko sawa kabisa! Lakini hiyo ni laini moja kwenye paipu yake. Zikiwa tatu zinapashana moto, na majedwali yanasema uzidishe kwa 0.7. Unabaki na 17. Na joto hufuata mraba wa ampea, kwa hiyo 23 mahali pa 17 ni karibu joto maradufu. Breka ya 32 haitashtuka, kwake 23 ni kidogo.

"Lakini watu huoga dakika kumi tu," fundi akasema. Kweli, na nadhani hiyo ndiyo imeokoa nyumba nyingi. Ila hapa wote huoga saa kumi na moja alfajiri, watoto wakifuatana.

Waya hauungui siku hiyo. Plastiki ya PVC imeundwa kuvumilia nyuzi 70. Ikizidi hapo hukauka, huwa ngumu, hupasuka. Mafundi hukadiria kwamba kila nyuzi 10 za ziada hukata umri wake nusu: miaka 20 inakuwa 10, halafu 5. Wakati huo fundi yuko mbali, na watu wamelala chini ya dari hiyo.

Waya wa 4 mm² hubeba 32, lakini chini ya mabati mchana, hewa ikifika nyuzi 50, inabaki 22.7. Imekosa padogo tu! Nikapendekeza 6 mm², kila laini na paipu yake.

Tata aliuliza bei, akanyamaza kidogo. Shawa mbili zinafungwa wiki hii. Ya tatu itangoja bonasi ya chai.