Wino wa Ridhaa: Bugala, Berlin, Kilifi

Bugala. Kivuko kutoka Entebbe kilichukua zaidi ya saa tatu. Siku hizi kisiwa kimejaa michikichi, lakini mimi nilikuja kwa ajili ya kambi ya mwaka 1906. Ndipo Robert Koch, Mjerumani aliyepewa ruhusa na Waingereza, alipokuja kutafuta dawa ya malale. Ugonjwa ulikuwa ukifagia watu kandokando ya Ziwa Victoria. Simwiti Koch mumiani. Wagonjwa walimfuata wenyewe kwa mamia, maana hawakuwa na pengine pa kukimbilia. Aliwachoma sindano za atoksili, dawa yenye arseniki ndani yake, na wengi walipata nafuu. Vimelea viliporudi kwenye damu, akazidisha kipimo kutoka nusu gramu hadi gramu nzima. Baadhi yao wakapofuka, na hawakuona tena.

Ufukweni mzee mmoja alikuwa anashona wavu. Aliinua kila tundu hadi karibu na pua, akalikagua, akafunga fundo, akahamia la pili. Nilimtazama muda mrefu. Mtu wa kisiwani akipoteza macho, hiyo ndiyo kazi anayoipoteza, pamoja na chakula cha jioni.

Berlin. Taasisi yenye jina la Koch iko mtaa wa Wedding, ukingoni mwa mfereji. Alifariki mwaka 1910, na majivu yake yamehifadhiwa humo humo ndani. Nilisimama mbele yake kwa heshima, kwa kuwa aligundua bakteria wa kifua kikuu na dunia nzima inamdai shukrani. Lakini nilikuwa nimekuja na tarehe nyingine kichwani: Desemba 1900. Mwezi huo waziri wa Prussia aliwaagiza wakuu wa kliniki wasimfanyie mtu lolote lisilo la kumpima, kumtibu au kumkinga, mpaka aelezwe madhara yake na akubali waziwazi. Chanzo kilikuwa daktari Albert Neisser wa Breslau, aliyewadunga wanawake majimaji ya damu ya wagonjwa wa kaswende bila kuwaambia.

Kwa hiyo neno ridhaa lilikuwa limeshaandikwa miaka sita kabla ya Bugala. Najua agizo lile halikugusa matibabu, na Koch alikuwa akitibu. Bado nauliza: sindano ilipojazwa gramu nzima, nani aliwaambia wale watu, kwa lugha yao, kwamba kipimo hiki bado kinajaribiwa?

Vituo vichache vya treni kutoka kwenye taasisi, sehemu ya barabara iliyoitwa kwa jina la Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani wa Afrika Mashariki, inaitwa Maji-Maji tangu mwaka 2024, kukumbuka vita vya kuupinga ukoloni huo. Nililisoma kibaoni mara mbili, kwa sauti.

Kilifi. Hapa utafiti wa malaria una zaidi ya miaka thelathini, na watoto wa hapa walikuwa miongoni mwa waliojaribiwa chanjo za RTS,S na R21, ambazo sasa zinatumika Afrika. Niliruhusiwa kufuatana na mfanyakazi wa utafiti hadi kwenye boma moja. Aliketi kwenye mkeka chini ya mwembe na kusoma fomu kwa Kigiriama, ukurasa baada ya ukurasa. Mama mwenye mtoto mgongoni alimkatiza.

"Hiyo damu mnaipeleka wapi?"

Akajibiwa: maabara, kiasi cha kijiko kimoja cha chai.

"Na nikikataa, mwanangu atatibiwa?"

"Atatibiwa vilevile, mama."

Hilo ndilo swali ambalo Bugala halikuwa na wa kulijibu. Hata hivyo, jibu zuri halimalizi mambo. Mama ambaye zahanati iko mbali naye anaweza kukubali utafiti kwa sababu tu ndani yake kuna daktari, na hapo sijui ridhaa yake tuipime kwa mizani gani. Watafiti wa Kilifi wenyewe wanalijadili hili, nami nawaheshimu kwa hilo.

Mama aliikunja fomu, akaichomeka kwenye mkunjo wa leso.

"Nitazungumza na mama mkwe. Njooni Alhamisi."

Mfanyakazi akashukuru, akarudisha kidau cha wino mkobani bila kukifungua.