Bahari Yangu Ilipoacha Kuwa ya Buluu

Miaka ya mwanzo bahari yangu ilikuwa ya buluu tu. Uchoraji nilijifunzia barazani, Dar es Salaam, kwa mafundi wa mtindo aliouanzisha Edward Saidi Tingatinga mwishoni mwa miaka ya 1960: hadibodi, rangi ya mafuta ile ile ya kupakia milango, na mbingu ya rangi moja kutoka kona hadi kona. Mvua ikinyesha tulisogea ndani tukaendelea na jua letu. Mtindo ule naupenda hadi leo.

Kilichonibadilisha ni Bagamoyo. Nilianza kuchorea ufukweni, karibu na soko la samaki, wakati wa masika. Mto Ruvu, unaomwaga maji yake kaskazini mwa mji, ulikuwa umejaa, na bahari mbele yangu ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, nzito huku pwani, na kule mbali kabisa uzi mwembamba wa kijani. Rangi hiyo haiuzwi dukani. Nikachanganya kahawia, nyeupe na tone la njano. Kabla haijakubali, wingu likalifunika jua, kila kitu kikawa kijivu. Mzee mmoja mvuvi akanipita mbiombio: “Mwanangu, wingu lile halichorwi, linakimbiwa.”

Tangu hapo nikawa nachora kwa kufuata upepo. Kaskazi hukausha akriliki kwenye brashi, kwa hiyo nafanya vipande vidogo na chupa ya kunyunyizia maji iko mkononi. Kusi ikishika, kiegemeo cha picha nakifungia dumu la maji, la sivyo tutakwenda kukiokota mikokoni. Kisha nikasoma kwamba John Constable, alipokuwa akichora mawingu Hampstead mwaka 1821 na 1822, aliandika nyuma ya picha saa na upepo wa siku ile. Nikaiga, nikaongeza maji: bamvua au maji mafu.

Zamani wavuvi walipita bila kugeuza shingo. Siku hizi wanasimama nyuma yangu wakabishana. Huyu anasema ni bamvua. Mwenzake anamkatalia, maji mafu hayo, huoni fungu halijatoka? Watalii nao bado wanauliza kama ninayo ya buluu. Ninayo, ila ni ya Januari, na bei yake iko juu.