Sababu za Kifamilia

Mwandiko wangu ndio ulioniponza. Nilipofika pale shuleni Januari 1986, na cheti changu cha Daraja la III A kutoka Chuo cha Ualimu Mpuguso na godoro la sufi nimelikunja kichwani, mwalimu mkuu alinipa karatasi niandike jina. Akaitazama kwa muda, akaniambia, "Wewe utanishikia kitabu." Kitabu chenyewe ni kile kikubwa chenye jalada gumu, cha matukio ya shule: upepo umeezua paa la darasa la nne, mkaguzi amefika, mwanafunzi amefariki, mwalimu ameripoti, mwalimu ameondoka. Nilikishika miaka sita. Katika miaka hiyo sita niliandika "ameondoka" mara kumi na nne, na shule ilikuwa na walimu tisa tu.

Shule siitaji. Ilikuwa upande wa Tunduma, katika Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Huu Mkoa wa Songwe ambamo shule hiyo imo sasa umezaliwa mwaka 2016, mimi nimekwisha kustaafu. Nyuma ya vyoo vya walimu ulikuwa unasikia honi ya treni ya TAZARA ikielekea Zambia, na ukipanda kilima kidogo unaona mabati ya Nakonde yanang'aa ng'ambo ya mpaka. Mwezi wa Juni upepo wa pale unapenya hadi kwenye mifupa. Walimu wageni wengi walishuka kwenye treni hiyo wakitoka mkoani Morogoro au Dar es Salaam, na mashati ya mikono mifupi, wakaishi kwa kuazima masweta yetu.

Vwawa, kwenye ofisi ya elimu ya wilaya, maelezo yao ya kwa nini walimu wanaondoka yalikuwa mepesi: Tunduma ina vishawishi. Sikatai. Mwalimu akivusha vitenge na sukari siku moja ya Jumamosi, alipata fedha ya kumfanya auangalie mshahara wake kwa huruma. Lakini katika wale kumi na nne, aliyeacha chaki akaenda kuuza vitenge alikuwa mmoja tu. Wengine karibu wote walikwenda kufundisha, na wengi wao mahali pabaya kuliko pale petu. Mmoja aliomba mwenyewe, kwa maandishi, apelekwe Kamsamba. Anayeijua Kamsamba ya wakati ule, kule chini bonde la Rukwa, joto na mbu, na masika barabara inakatika, ataelewa kwa nini karani wa Vwawa aliisoma barua ile mara mbili. Watu walikuwa wakihonga wasipelekwe Kamsamba. Huyu alikwenda akiimba.

Mwalimu mkuu wetu hakuwahi kumpiga mtu. Hata kupaza sauti hakupaza. Silaha yake ya kwanza ilikuwa kalamu nyekundu. Saa moja na nusu asubuhi kwa saa yake ya mkononi, ambayo ndiyo pekee iliyohesabika, alichora mstari kwenye kitabu cha mahudhurio, na atakayesaini chini ya mstari ataandikiwa barua ya kujieleza. Mwenyewe alikuwa akisogeza mshale wa saa hiyo, nasi tulijua, kwa sababu mwalimu aliyekuwa kwenye zamu ya kuchukiwa alichelewa kila siku hata akiwahi. Silaha ya pili ilikuwa nyumba. Shule ilikuwa na nyumba tatu za walimu, na mtu angeweza kuambiwa Ijumaa kwamba Jumatatu anahamia chumba cha kupanga kijijini, na mtoto mchanga mgongoni. Ya tatu mshahara. Ulikuwa taslimu, yeye akiufuata Vwawa, akirudi anatuita mmoja mmoja ofisini, na yule wa zamu anaitwa wa mwisho, giza limeingia, au anaambiwa noti hazikutosha, aje kesho.

Zamu hiyo ilizunguka, na kuzunguka huko ndiko kulikotumaliza. Ukiwa si wewe, unashukuru Mungu, unahamisha kiti chako ofisini kisigusane na cha mwenzako. Hakuna aliyetuamuru tuhamishe viti. Palikuwa na nafasi moja karibu na mlango, ubaridi wote unapitia hapo, na bila kikao tulijua nani anakaa pale muhula huu.

Kwa nini alikuwa vile? Nimeliwaza swali hili nikiwa kijana na nikiwa mzee, na jibu langu si zuri sana. Hakuwa mlevi, hakuiba hata boksi la chaki. Alipimwa kwa kitu kimoja, watoto wangapi wa darasa la saba wamechaguliwa kwenda sekondari, na miaka ile nafasi za sekondari za serikali zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Mkaguzi akija aliangalia maandalio ya masomo, shamba la shule na vyoo. Wala hakuna mkaguzi aliyewahi kufungua kitabu changu na kuuliza mbona walimu wanaondoka hivi. Akiondoka mmoja, wilaya ilileta mwingine. Mtu akipewa kuni bila kuulizwa zinaishaje, atawasha moto mkubwa.

Mmoja wa walioondoka sijamsahau. Alikuwa mwalimu wa UPE, dada wa kutoka Ileje, mwembamba, mwenye sauti ya kuimbisha. Vijana wa leo huenda hawajui UPE ni nini. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua watoto wote waende shule ifikapo 1977, walimu hawakuwapo, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, huku wanafundisha. Waliibeba nchi, na malipo yao yakawa kudharauliwa. Sisi wa vyuo tuliwaita "wa UPE" kwa sauti ambayo sasa nikiikumbuka naona aibu. Huyu dada alijua kufundisha darasa la kwanza kusoma kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumwona. Kufika Juni watoto wake wanasoma maandishi ya kwenye magunia ya mbolea.

Mwaka 1989 mwalimu mkuu alimpangia Kiingereza darasa la saba. Alijua kwamba hakiwezi. Wiki ya pili akaingia darasani na kitabu, akanichukua na mimi niandike tathmini, akamwambia mbele ya watoto, "Mwalimu, hebu tusomee." Dada akasoma. Akafika kwenye neno la Kiingereza la kisiwa, lile ambalo herufi ya s imeandikwa lakini haitamkwi, akaitamka. "Rudia." Akarudia vilevile. "Rudia tena, watoto hawajasikia." Mara ya tatu darasa zima lilicheka, na yeye akageukia ubao akawa anafuta ubao ambao haukuwa na kitu. Hadi mchana watoto wote, hata wale wadogo aliowafundisha kusoma, walikuwa wanamwita Izilandi.

Mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika, "Mwalimu hana umilisi wa somo."

Alikaa miezi minne zaidi, karibu na mlango. Aliandika barua tatu za kuomba uhamisho. Utaratibu ulitaka barua ipite kwa mwalimu mkuu, hata kama ni ya kumlalamikia mwalimu mkuu, na zote tatu zilipita hadi kwenye droo yake zikalala hapo. Chama cha Walimu cha kukikimbilia kilikuwa bado; kilikuja kusajiliwa mwaka 1993. Siku moja baada ya likizo hakurudi. Mwalimu mkuu aliniita nilete kitabu. Nikauliza niandike nini. Akasema, bila kuinua kichwa, "Sababu za kifamilia." Niliandika kwa wino wa bluu, herufi nzuri kama kawaida yangu. Kisha nilifungua kurasa za nyuma. Kumfuata mume. Kuuguza mzazi. Sababu za kifamilia. Kumfuata mume. Mtu akikisoma kitabu kile atadhani tulikuwa shule ya watu wanaopenda sana ndugu zao.

Mimi niliondoka 1992. Sikufukuzwa na zamu haikunifikia; mshika kitabu hakai mlangoni. Nilipata nafasi ya kujiendeleza. Nikamwachia kijana mwingine mwenye mwandiko.

Februari 2009 redio ilitangaza kwamba kule Bukoba mkuu wa wilaya, Albert Mnali, ameamuru walimu 19 wa shule za msingi wacharazwe viboko na askari polisi kwa sababu ya matokeo mabaya ya darasa la saba. Nchi ilichachamaa, na Rais Kikwete akatengua uteuzi wake. Nami nilikasirika kama wengine. Lakini usiku, kitandani, niliwaza kwamba kosa la bwana yule lililomwondoa ni kutumia fimbo, kitu ambacho mtu anaweza kukihesabu. Angetumia kalamu nyekundu pengine angestaafu salama, kama wetu, aliyeagwa kwa ng'ombe na hotuba. Hotuba niliisikia. Walisema alikuwa mkali lakini wa haki.

Mwaka 2019, mwaka ule kilipozinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, nilikwenda sokoni Tunduma kununua mchele. Mama mmoja nyuma ya magunia akanitazama, akasema, "Shikamoo Mwalimu. Mwandiko bado mzuri?"

Nilimjua kwa sauti.

Tulizungumza kidogo. Alikuwa anauza mchele wa Kamsamba, watoto wake wakubwa, mmoja yuko Mlowo. Hakuwahi kufundisha tena. Akachukua kopo akaanza kunipimia, na akiwa bado ameinama akauliza, "Hivi kwenye kile kitabu uliniandikaje?"

Nikamwambia.

"Familia gani?" akasema. "Mimi wakati ule nilikuwa peke yangu."

Alisawazisha mchele juu ya kopo kwa kiganja, akaumimina mfukoni. Kisha akatia nyongeza, konzi mbili, nami nikasimama pale nimeshika fedha mkononi.