Kabla Hujanunua Sensa ya Ekzosi

Leo naweka mbolea pembeni. Wengi wenu mmeanza kununua pikapu za dizeli za kisasa, na hili limeniuma mfukoni mwangu mwenyewe.

Pikapu yangu na kaka yangu hubeba matenga ya nyanya kutoka Ilula. Msimu uliopita taa ya injini iliwaka, gari likakosa nguvu mlimani. Fundi akachomeka mashine, ikatoa kodi P0544: sensa ya joto la ekzosi. Tukanunua sensa kwa laki tatu na nusu, hela ya mbegu hiyo. Baada ya siku mbili taa ikarudi. Fundi akasema dawa ni kukata filta ya masizi, tuisahau.

Hapo nikasita. Kodi ile haisemi sensa imekufa. Inasema sakiti ina hitilafu, na sakiti ni sensa, soketi, pamoja na waya hadi kwenye kompyuta ya gari. Filta haikuwa na kosa. Ili ichome masizi inahitaji joto la kama digrii 600. Kompyuta isipoamini kipimo, haianzishi uchomaji; masizi yanajaa, nguvu inapungua.

Nikamwita fundi mwingine alfajiri, gari likiwa limelala usiku kucha. Asubuhi ndiyo saa ya kupima: washa swichi bila kuwasha injini, na sensa zote za joto lazima zikaribiane na baridi ya nje. Moja ilisoma digrii 17. Ile yenye kodi, zaidi ya 900! Akachomoa soketi yake, akaunganisha matundu mawili ya upande wa gari kwa kipande cha waya (hii ni kwa sensa ya waya mbili tu, na mwachie fundi). Namba ingeruka, tungejua waya ni mzima na sensa ndiyo mbovu. Haikutikisika.

Tukalala chini ya gari na tochi. Klipu ilikuwa imekatika, waya umelalia ekzosi, umeungua kama vidole vinne hivi. Akauunga, akauvalisha gamba la kuhimili moto, akaufunga mbali na bomba, akafuta kodi. Nikamlipa elfu ishirini. Taa haijawaka tena.

Kwa hiyo fundi akikutajia kodi, mwombe kwanza akuonyeshe namba za asubuhi, maana duka la spea halirudishi hela ya sensa iliyokwisha kufungwa. Ile yetu ya zamani iko kwenye kopo hapa ofisini. Nzima kabisa.