Ng'ombe mgeni aliyekataa kuguswa

MINOVA – Kwa familia iliyokimbia vita huko Masisi na kupanga chumba hapa Minova, teritware ya Kalehe, ng'ombe mmoja ni shamba, ni benki, ni maziwa ya mtoto. Ndiyo maana mama mmoja wa watoto watano alikosa usingizi wakati ng'ombe wake, aliyenunuliwa kwa akiba ya AVEC na deni kidogo, alipoanza kurusha mateke kila akiguswa.

Ng'ombe huyo mwenye mabaka meusi na meupe alitoka nyanda za juu za Kalehe. Siku za kwanza alikuwa mpole, hata mtoto mdogo alimshika mkia. Siku ya sita, mama alipoweka mkono kwenye kiwele, ndoo ikaruka. Jioni, kamba ilipomgusa mgongoni, alitetemeka ngozi nzima.

Majirani walitoa maneno mengi. Wengine walisema muuzaji aliificha tabia mbaya ya mnyama. Wengine walisema amerogwa na wenye wivu. Baba wa nyumba alichukua fimbo akasema atamfunza adabu. Kijana wa miaka kumi na minne, ambaye ndiye mchungaji, alilia akimzuia.

Mama alifikiria kwanza ugonjwa wa kiwele, maana huo unajulikana na wafugaji wengi. Alikamulia matone ya kwanza kwenye kitambaa cheusi: hakukuwa na mabonge, damu wala maji maji. Kiwele hakikuwa kigumu. Akatafuta kupe katikati ya mapaja, chini ya mkia na ndani ya masikio. Alitoa wachache, lakini hakuona kidonda wala jipu. Tezi chini ya masikio, ambazo huvimba kwa ugonjwa wa ndigana, zilikuwa za kawaida.

Ndipo akaitwa mzee mmoja, mchungaji wa zamani ambaye naye amehama makwao. Hakuja na dawa. Alisimama mbali kidogo akimtazama mnyama, kisha akapitisha mgongo wa mkono wake polepole, kuanzia shingoni.

"Mwanangu, angalia vizuri," alimwambia kijana. "Nikigusa hapa kwenye weusi, anatulia. Nikigusa hapa kwenye weupe, anaruka. Mnyama mwoga anaogopa mkono popote unapomgusa. Huyu maumivu yake yanafuata rangi."

Kweli, chini ya manyoya meupe ngozi ilikuwa nyekundu, ya moto, imeanza kupasuka. Chuchu zake nyeupe zilikuwa hivyo hivyo. Nyeusi zilikuwa nzima.

"Amekula nini hapa ambacho kwao hakipo?" mzee akauliza.

Kijana akasema ukweli: "Mzee, majani yameisha. Nilimfunga siku mbili kwenye ule uzio." Uzio huo ni wa lantana, kile kichaka chenye majani yanayokwaruza na kunuka, maua ya njano na waridi kwenye shada moja, na matunda madogo meusi. Ng'ombe waliozaliwa karibu nacho kwa kawaida hukiacha. Mgeni mwenye njaa hakijui.

Daktari wa mifugo alifika kesho yake. Macho yalikuwa na umanjano, mkojo mweusi kama chai kali. Alieleza hivi: sumu ya lantana inaumiza ini. Ng'ombe akila majani mabichi yoyote, tumboni hutokea kitu ambacho ini lenye afya hukitoa kupitia nyongo. Ini likishindwa, kitu hicho hubaki kwenye damu na kufika hadi ngozini. Jua likipiga, ngozi nyeupe inaungua, kwa sababu haina ile rangi nyeusi inayozuia mwanga.

Matibabu yalikuwa kivuli giza mchana kutwa, maji mengi, malisho usiku tu na mbali na uzio, mkaa maalum wa dawa (si makala ya kupikia), na mafuta ya vidonda. Fimbo ilirudishwa nyuma ya mlango.

Ng'ombe amepona, lakini ngozi ilibanduka kama ganda la mti, na maziwa hayajarudi kama mwanzo. Deni la AVEC bado linalipwa. Mama anasema afadhali hivyo kuliko kumuuza kwa bei ya nyama.

Kwa familia zinazopokea au kununua mnyama mpya: muulizeni muuzaji alikuwa anakula nini, na msimfunge na njaa karibu na majani asiyoyajua. Akibadilika, jiulizeni ilianza siku gani, na nini kilikuwa kipya siku hiyo. Mguseni polepole, sehemu moja baada ya nyingine. Akiumia mahali pamoja, tafuteni mwiba, jipu la sindano, kupe au kidonda cha kamba. Akiumia kwenye weupe tu, mtoeni juani.

Onyo moja: mnyama anayeruka akiguswa huku akitoa mate mengi, akilia sauti ya ajabu au kushambulia watu, anaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Huyo msimguse hata kidogo, wala kumtia mkono mdomoni. Mfungieni mbali na watoto, muiteni daktari. Aliyeumwa au kupatwa na mate kwenye kidonda aoshe kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo.